Picha Iko Mtandaoni, Mzigo Uko Stejini

Sensa ya mwaka 2019 iliwauliza Wakenya, pamoja na mambo mengine mengi, kama hutafuta na kununua vitu kwenye intaneti. Kati ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, waliojibu ndiyo walikuwa asilimia 4.3. Intaneti yenyewe ilikuwa ikitumiwa na asilimia 22.6 ya watu wa kuanzia miaka mitatu. Takwimu za aina hiyo hutajwa kuonyesha kwamba ununuzi wa mtandaoni ni mambo ya Nairobi, ya Westlands na Kilimani, na kwamba miji mingine ingali nyuma. Mimi naona zinaonyesha jambo jingine. Mama wa mtaa wa Majengo, Meru, aliyeona dera kwenye stetasi ya WhatsApp ya muuzaji wa Eastleigh, Nairobi, akatuma pesa kwa M-Pesa, na siku ya pili akalichukua kwenye ofisi ya vifurushi ya matatu, karani wa sensa angemweka wapi? Hakufungua tovuti yoyote. Hakusajili akaunti wala hakuandika nambari ya kadi ya benki. Hata hivyo amenunua kitu ambacho hajakishika, kwa mtu ambaye hajaonana naye, kutoka mji ulio mbali, na simu ndiyo iliyowakutanisha.

Biashara ya namna hiyo ndiyo iliyoenea katika mitaa kama Majengo, na haifanani na ile iliyotabiriwa na kampuni zilizokuja Kenya na mamilioni ya dola kujenga maduka ya intaneti. Kampuni zilitaka kumiliki kila kitu: picha, bei, ahadi, malipo, ghala, gari. Mitandao ya kijamii ilichukua kazi moja tu, ya kuonyesha mali, na yaliyobaki ikawaachia watu na taasisi zilizokuwapo tayari. Ndiyo sababu ilishinda. Ndiyo sababu pia, pesa zikipotea, hakuna wa kuulizwa.

Katika pande hizi za Mlima Kenya kuna mitaa miwili yenye jina la Majengo. Mmoja uko mjini Meru, katika kundi moja na Mjini, Shauri Yako na Salama. Wa pili uko mjini Embu, mji wenye pia mtaa wa Dallas. Yote miwili ni mitaa ya watu wa kipato kidogo: vyumba vya kupanga vilivyobanana, msikiti, vibanda vya mboga, fundi cherehani, saluni, wakala wa M-Pesa, saiba. Kaunti ya Meru ilihesabiwa watu 1,545,714 mwaka huo wa sensa, na Embu 608,599, kwa hiyo si soko la kudharau. Tofauti kubwa kati ya mitaa hiyo miwili, kwa habari ya ununuzi, ni barabara. Embu iko kilomita zipatazo 125 kutoka Nairobi. Mtu akidamka anafika masoko ya Gikomba au Kamukunji huko Nairobi, anachagua kwa mkono wake, na jioni yuko nyumbani na mzigo. Meru iko zaidi ya kilomita 200, upite Runyenjes, Chuka na Nkubu. Safari hiyo inakula siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi inayozidi bei ya viatu vya mtoto. Kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo simu inavyookoa zaidi, na ndivyo mnunuzi anavyolazimika kumwamini zaidi mtu asiyemwona.

Tuitazame oda moja kwa karibu. Muuzaji yuko Eastleigh. Asubuhi amepandisha picha za madera, na chini ameandika saizi na maneno "bei inboksi". Mteja wake wa Majengo, Meru, aliipata nambari yake kwa binamu.

"Dada, hili la kijani ni ngapi?"

"Mia tisa, mpenzi. Gari la Meru ongeza mia mbili."

"Nipunguzie, mimi ni kastama wako wa kila siku."

"Haya, leta elfu moja yote. Tuma kwa tili."

Mteja anaingiza nambari hiyo ya malipo ya biashara. Kabla pesa hazijatoka, M-Pesa inamwonyesha jina la anayelipwa, na hapo ndipo mkono husita au husonga mbele. Jina likiwa lile analolijua, anaweka siri. Likiwa jina geni la mwanamume kutoka upande mwingine wa nchi, anarudi kwenye mazungumzo na kuuliza, "Hii tili ni ya nani?" Jibu likichelewa sana, oda imekufa. Likija na sauti iliyorekodiwa, ya mtu yule yule anayemfahamu, oda imepona. Baada ya hapo mzigo unafungwa kwa karatasi ya nailoni, unaandikwa kwa kalamu nene jina, nambari ya simu na "MERU", unapelekwa Tea Room, Accra Road, ambako magari ya Embu na Meru hupakia. Karani wa Sacco, chama kinachoendesha magari hayo, anatoa risiti. Muuzaji anaipiga picha na kumtumia mteja. Kesho yake mteja anaenda stejini na kitambulisho, anatia sahihi kwenye daftari, anachukua dera lake.

Ukiichambua oda hiyo utaona kwamba mtandao ulifanya kazi yake asubuhi tu. Uaminifu ulitoka kwa binamu. Malipo yalipita Safaricom. Usafiri ulikuwa wa matatu ambayo ingeondoka Nairobi hata kama dera halikuwamo, kwa sababu abiria walikuwa wamejaa viti vyote. Hapo ndipo ilipo siri ya bei. Kampuni inayonunua lori, kumlipa dereva na kukodi ghala lazima irudishe gharama zote hizo kutoka kwenye mizigo. Matatu imeshalipwa na abiria. Kifurushi kilicho chini ya kiti ni nyongeza. Hakuna duka la intaneti, liwe na wawekezaji wangapi, linaloweza kushindana kwa urahisi na gari ambalo tayari linakwenda.

Vipande vya mfumo huu vilikusanyika kwa muda mrefu, na si vyote vilivyokusudiwa kwa biashara. M-Pesa ilianza Machi 2007 kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, na intaneti ya setilaiti, ghali na ya kusuasua, ikaanza kupisha njia. Novemba 2014 Facebook, kwa kushirikiana na Airtel, ilileta Kenya huduma ya kurasa chache zisizolipiwa bando, na kwa watu wengi Facebook ikawa ndiyo intaneti yenyewe. Mwaka 2018 WhatsApp ilitoa programu ya wafanyabiashara, yenye majibu yaliyoandaliwa, na orodha ya bidhaa ikaongezwa mwaka uliofuata. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku. Kipande hicho cha mwisho kina umuhimu wake Majengo. Simu janja ilikuwa mali ya mtu mwenye maelfu mkononi. Kwa mpango huo ikapatikana kwa mtu mwenye malipo ya awali na matumaini ya shilingi 20 kila siku. Ila zikikosekana simu hujifunga, na muuzaji ambaye duka lake lote limo ndani ya simu hiyo hufungiwa duka pamoja nayo.

TikTok ilikuja baadaye ikawapita wote kwa kasi. Ripoti ya mwaka 2023 ya Taasisi ya Reuters kuhusu habari za kidijitali iliiweka Kenya juu ya nchi zote ilizozichunguza kwa matumizi ya TikTok. Kwa mnunuzi, kilichobadilika ni kwamba picha imekuwa mubashara. Muuzaji wa Gikomba anafungua robota la mitumba mbele ya watazamaji, anainua blauzi moja moja, anaigeuza waone mshono na doa, anataja bei, na wa kwanza kuandika jina lake ndiye mwenyewe. Zile nguo bora za chaguo la kwanza, ambazo sokoni huitwa kamera na ambazo zamani ziliwaendea waliodamka kwenda Gikomba alfajiri, sasa zinaweza kuchukuliwa na msichana aliyeko Majengo akisubiri chai ichemke. Haya ni mageuzi ya kweli. Kwa miaka mingi miji kama Meru na Embu ilipata mabaki: nguo zilizokwisha kupitiwa na Nairobi, na kwa bei iliyoongezwa na mikono miwili mitatu. Leo msichana huyo anachagua pamoja na mtu wa Nairobi, kwa dakika ile ile.

Sasa tuziangalie tovuti za biashara, maana hazikukosa kujaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mama Mikes iliwauzia Wakenya walio ng'ambo vocha za supamaketi na zawadi za kuwafikishia jamaa zao nyumbani. Mnunuzi alikuwa Marekani au Uingereza, mpokeaji alikuwa Kenya. Jumia, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2012, iliingia Kenya mwaka uliofuata. Kilimall ilianza mwaka 2014 ikileta bidhaa nyingi za China. Safaricom ilifungua Masoko Novemba 2017. Sky.Garden iliyumba hadi ikauzwa kwa Lipa Later, na Lipa Later yenyewe ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2025. OLX iliuza biashara yake ya Kenya na nchi nyingine za Afrika kwa Jiji mwaka 2019. Jumia ilijiunga na soko la hisa la New York Aprili 2019, na kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa imefunga milango Tanzania na Kamerun. Mwisho wa 2023 ikafunga huduma yake ya chakula katika nchi zote.

Kinachonivutia kwa Jumia ni yale iliyoyafanya baada ya kupigwa. Chini ya Francis Dufay, aliyeshika uongozi mwishoni mwa 2022, kampuni ilipunguza matumizi, ikaelekeza nguvu kwenye miji iliyo nje ya miji mikuu, na ikategemea zaidi vituo vya kuchukulia mizigo badala ya kupeleka hadi mlangoni. Kwa maneno mengine, imejifunza mwenendo wa matatu: leta mzigo mahali pamoja, mwenyewe atakuja kuuchukua. Na kwa mtaa usio na nambari za nyumba, ambako boda boda huelekezwa kwa "ukifika msikitini nipigie", kituo kina akili kuliko mlango.

Copia ndiyo habari ya kusikitisha kuliko zote, na nadhani ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Ilianzishwa Kenya mwaka 2013 kwa ajili ya watu hasa ambao Jumia haikuwatazama: wa vijijini na wa miji midogo, wasio na simu janja. Njia yake ilikuwa mawakala. Mwenye duka, mwenye saluni au muuza vifaa vya ujenzi alikuwa na katalogi. Jirani alikuja akachagua sufuria, mbolea au bati, wakala akatuma oda, gari la Copia likaleta mzigo dukani, wakala akapata kamisheni. Mteja alishughulika na mtu anayemjua, anayekaa hapo hapo, ambaye asingeweza kukimbia na pesa zake. Swali la uaminifu Copia ilikuwa imelijibu vizuri kuliko kampuni nyingine yoyote ya aina yake nchini. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa wawekezaji, ikajivunia makumi ya maelfu ya mawakala, ikavuka hadi Uganda na kurudi. Mei 2024 ilitangaza kwamba huenda ikapunguza wafanyakazi zaidi ya elfu moja, na kabla mwezi haujaisha ikawekwa chini ya wasimamizi.

Iliangushwa na nini? Mitaji ya nje ilikauka dunia nzima kuanzia 2022, na kampuni iliyoishi kwa mitaji iliumia. Lakini chini ya hilo kuna hesabu rahisi ya unga na sabuni. Faida ya bidhaa za nyumbani ni ndogo sana, na ndizo watu wa kipato kidogo wanazonunua mara nyingi. Kuupeleka mzigo wa aina hiyo kwenye maelfu ya maduka yaliyotawanyika, kwa magari yako mwenyewe, ni gharama ambayo haiwezi kulipwa na faida ya mche wa sabuni. Copia ilikuwa na mtu anayefaa lakini gari lisilofaa. Wauzaji wa WhatsApp wana gari linalofaa. Anayekosekana upande wao ni yule mtu wa karibu anayeweza kushikwa mkono mambo yakiharibika.

Kufanya biashara na mtu usiyemwona si jambo jipya kwa watu wa Meru na Embu; hawakulianza na madera. Miraa ya Igembe, Meru, hupoteza thamani ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa. Kwa hiyo kwa miongo mingi mji wa Maua, huko Igembe, umeendesha biashara ambayo mkulima, mfungaji, dereva wa pikapu na mnunuzi aliye Nairobi au ng'ambo wanategemeana kwa saa, na simu ilipokuja iliingia katika mnyororo uliokwisha kuzoea ahadi. Wakulima hao wanajua pia soko linavyoweza kufungwa ghafla na mtu wasiyemfahamu: Uingereza ilipiga marufuku miraa Juni 2014, ndege za Somalia zilisimama Machi 2020 na hazikuanza tena hadi Julai 2022. Wenzao wa muguka, aina ya miraa, katika upande wa Mbeere, Embu, walionja hayo Mei 2024 Mombasa ilipotangaza marufuku. Ninaleta habari hii kwa sababu wachambuzi wengi huzungumzia "utamaduni wa kuaminiana mtandaoni" kama kitu ambacho miji hii inapaswa kufundishwa. Katika nyanda hizi mtu anapeleka mali ya mamia ya maelfu ya shilingi kwa neno la simu, na mfumo wao una adhabu: anayedhulumu hapati mzigo tena, na habari zake humtangulia. Nguvu ya mfumo huo ni kwamba wahusika wamo katika biashara moja ya kudumu. Mnunuzi wa viatu vya mtoto, anayeagiza mara mbili kwa mwaka kutoka ukurasa wa Instagram wenye wafuasi elfu arobaini, hana adhabu yoyote mkononi.

Hapa ndipo penye kidonda. Wizi wenyewe si wa kitaalamu. Ukurasa unaiba picha za muuzaji halisi, unashusha bei kidogo, unasema ofa inaisha leo, unataka pesa kwanza kwa nambari ya kawaida, kisha unamfungia mnunuzi. Wakati mwingine hakuna wizi wa wazi: kimekuja kiatu namba 37 badala ya 39, au kitambaa chepesi kuliko cha picha, na muuzaji anasema "rudisha kwa gari, lipia wewe". Nauli ya kurudisha na ya kuletewa tena inakaribia bei ya kiatu, basi mtu anakitoa kwa mdogo wake na kunyamaza. Hasara za namna hii, za mia tano, mia nane, elfu moja na mia mbili, haziripotiwi popote. Kwa mfanyakazi wa kibarua Majengo, elfu moja ni zaidi ya ujira wa siku nzima, na mara nyingine imetoka kwenye Fuliza, mkopo wa M-Pesa ulioanza Januari 2019, ambao ada yake huzidi kadiri unavyochelewa kulipwa. Kwa hiyo anaendelea kukilipia kitu ambacho hakukipata.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ina vifungu vinavyohusu mikataba ya intaneti, na inamtaka muuzaji kumpa mnunuzi habari za bidhaa na za muuzaji mwenyewe kabla ya mkataba. Sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018 inaadhibu udanganyifu wa kompyuta. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Kwa anayedai mia tisa kwa mtu anayejulikana kwa picha ya ua na nambari iliyozimwa, milango yote hiyo iko mbali. Kinachobaki ni kupeleka ujumbe wa muamala kwa nambari 456 ya Safaricom kuomba urudishwe, na hilo husaidia pale pesa zinapokuwa bado zimo kwenye akaunti ya aliyepokea. Mwizi hazilazi humo hata saa moja.

Wauzaji waaminifu nao wametafuta kinga yao, na kinga hiyo imezaa tatizo jingine. Hupandisha skrinshoti za malipo na mazungumzo kama ushahidi kwamba wanafikisha mizigo: jina kamili la mteja, nambari yake ya simu, kiasi alicholipa, na mara nyingine picha yake akiwa amelivaa dera. Nia ni njema. Lakini majina na nambari hizo ndizo wanazozivuna matapeli, na picha ya mwanamke aliyoituma kwa muuzaji mmoja inaonwa na mtaa mzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu jambo hilo moja kwa moja. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alizitoza faini shule moja na klabu moja ya starehe ya Nairobi kwa kutumia picha za watu bila idhini. Mwenye duka la WhatsApp afute jina na nambari kabla ya kupandisha, na amwombe mteja ruhusa ya picha. Hilo halina gharama.

Kuna swali ambalo huulizwa mara nyingi: kwa nini watu hawa hawatumii tovuti, zilizo na masharti ya kurudisha bidhaa na maoni ya wanunuzi waliotangulia? Jibu moja liko saiba, duka la kompyuta na intaneti. Mkazi wa Majengo anazijua tovuti, tena vizuri, kwa njia ya lazima. Ni iTax ya kodi, KUCCPS ya vyuo, HELB ya mkopo wa masomo, eCitizen ya cheti cha kuzaliwa, pasipoti na leseni. Mwaka 2023 serikali iliamuru malipo ya huduma zake yakusanywe kupitia eCitizen kwa nambari moja ya malipo, 222222, na Julai mwaka huo huo shambulio la mtandaoni likaiyumbisha eCitizen na watu wakarudishwa nyumbani bila huduma. Tovuti, kwa uzoefu huu, ni mahali pa tarehe ya mwisho, pa faini na pa kusahau nywila. Huingii humo peke yako. Kijana wa saiba ndiye anayekujazia, ndiye aliyekufungulia barua pepe, na mara nyingi nywila yako imo kwenye daftari lake. Mtu aliyezoea hivyo hawezi kuiona tovuti ya biashara kama mahali pa kupitisha jioni. Facebook na TikTok anaingia kwa hiari, akiwa kitandani, kwa lugha anayoitumia nyumbani, Kiswahili kilichochanganyika na Kimeru au Kiembu na Sheng, na anaweza kumuuliza muuzaji "hii inaingia mtu wa kiuno kama changu?" akajibiwa na binadamu. Tovuti imempa fomu. Mtandao umempa mtu wa kusema naye. Mimi sishangai alikoelekea.

Wapo wanaolalamika kwamba pesa zinahama Majengo kwenda Eastleigh. Kwa kiasi fulani ni kweli, na mwenye duka la nguo aliyelipa kodi ya chumba na leseni ya kaunti ana haki ya kunung'unika anaposhindana na mtu asiyelipa hata kimoja. Lakini ukifuatilia mizigo inakoishia utaona kwamba sehemu yake hununuliwa ili iuzwe tena. Mama anaagiza vipande vitano, anabaki na kimoja, vinne anavipandisha kwenye stetasi yake na kuongeza mia moja hamsini kila kimoja. Chama cha akina mama kinakusanya oda za wanachama katika kundi la WhatsApp ili gari lilipiwe mara moja, na katibu wa chama ndiye anayekwenda stejini. Mazungumzo yale yanakuwa daftari lao: nani ameweka oda, nani amelipa, nani bado. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mara ya kwanza biashara ndogo ya mwanamke asiye na duka ina kumbukumbu zenye tarehe. Ninaliona hili kuwa la thamani kuliko punguzo lolote la Black Friday, na kaunti zingefaa kulitazama hivyo kabla ya kufikiria namna ya kulitoza.

Kinachokosekana ni kitu kidogo chenye uzito mkubwa: mahali pa pesa kusubiri. Leo pesa hutangulia, mzigo hufuata, na hatari yote ya njiani hubebwa na mnunuzi, ambaye ndiye mwenye kidogo zaidi kati ya wote wanaohusika. Sacco ya matatu tayari ina ofisi Nairobi na Meru, ina karani, ina risiti, ina daftari la vitambulisho, na inajulikana mtaani kiasi kwamba haiwezi kutoweka usiku mmoja. Ingeweza kuupokea mzigo Tea Room, kumjulisha mteja kwamba umepokewa na umeonekana, na malipo yakashikwa hadi mteja autazame na kukubali. Si suala la karani kuweka noti kwenye droo. Anayeshika pesa za wengine Kenya anaingia katika Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo ya 2011 na macho ya Benki Kuu, kwa hiyo Sacco italazimika kuungana na benki au kampuni ya malipo iliyo na leseni. Ugumu mwingine ni wa stejini penyewe. Mteja lazima aruhusiwe kufungua kifurushi kabla ya kukubali, na leo ukifungua umeshapokea. Muuzaji naye atadai kinga dhidi ya anayeagiza kwa mchezo: nauli ya mzigo iweze kulipwa mapema, bei ya bidhaa isubiri.

Barabara ya Embu na Meru inafaa kuwa ya kwanza kujaribu, kwa sababu magari ni mengi, njia ni moja, na wateja wanarudia. Sacco moja tu, wauzaji wachache wa Eastleigh waliokubali masharti, tili yenye jina la Sacco, meza yenye mwanga wa kutosha pembeni ya dirisha la vifurushi, na siku tatu za kuchukua au kukataa kabla mzigo haujarudishwa Nairobi kwa gari la usiku.